Vifuniko Sita vya Bibi

3 Machi

Daftari hili lilitengenezwa kwa ajili ya marubani. Kila ukurasa una vyumba: tarehe, ndege, kutoka, kwenda, muda, maelezo. Chuo kimeletewa mapya yenye jalada gumu, haya ya zamani yakatupwa kwenye pipa nje ya ofisi. Nikaokota moja. Karatasi ni nzuri, na sikuona kwa nini pipa lisome na mimi nisiandike. Shule niliishia darasa la tano. Mwandiko wangu unatambaa kama siafu waliomwagiwa maji, lakini sijamwalika mtu kuusoma.

Kazi yangu ni kuosha ndege za chuo cha urubani. Huu mwaka wa ishirini na sita. Ndege ni mbili: moja ya njano, na nyingine haikupakwa rangi, ni bati tupu linalong'aa. Hiyo naiita Sufuria. Mvua zimeanza leo. Watu hudhani mvua ikinyesha ndege inajiosha. Ndege ni kama mume. Siku ya mvua ndiyo inarudi na matope hadi kwapani.

Sababu ya kuandika ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yetu, anayekaa kwetu. Ni mmoja wa wanafunzi wanane wa chuo. Mimi namwita mke wangu, bibi yake anamwita mke mwenza, na yeye anatuita wazee wasio na kazi. Amejaribiwa mara mbili ili aruhusiwe kurusha ndege peke yake. Mara mbili amekwama. Sheria ya chuo ni mara tatu. Ya tatu ukikwama unarudisha vitabu, unakunja sare, unakwenda nyumbani. Jaribio lake la mwisho ni mwishoni mwa mvua hizi.

5 Machi

Mvua. Nimeosha ya njano. Ikaruka, ikarudi. Nimeosha ya njano.

8 Machi

Leo wakati wa chakula nimemuuliza kinachomkwamisha.

"Mwalimu anasema nakodoa," akasema.

"Unamkodolea nani? Nikamshughulikie."

"Geji, Babu. Zipo sita mbele yangu. Mimi naikazia macho ile ya kimo. Nikiona nimezidi futi hamsini naihangaikia hiyo tu, nikija kushtuka ndege imeshageuka kushoto na kasi imepungua."

Mwalimu wake tunamwita Koti. Huvaa koti jeusi hata jua likipasua mawe. Mtu mkavu. Akikusalimia unahisi kama amekuandikia barua.

Nikainuka, nikaingia jikoni, nikatoka na vifuniko sita vya sufuria, nyundo na misumari. Nikavitundika ukutani, vitatu juu, vitatu chini. Nikavichora namba kwa chaki na kila kimoja nikakifungia kijiko katikati, kigeuke kama mshale. Nikamkalisha mjukuu kwenye kiti mbele yake, mpini wa ufagio mkononi.

Bibi yake akasimama mlangoni na mwiko.

"Hivyo ni vifuniko vyangu."

"Vilikuwa. Kuanzia leo ni vyombo vya anga."

"Na maharage nitayafunika kwa nini? Kwa mawingu?"

9 Machi

Bila mvua. Jioni nimekaa na mjukuu anisomeshe kwanza mimi, maana mwalimu asiyejua somo lake inabidi avae koti.

Sasa nazijua. Geji sita ni ukoo, kila mmoja na tabia yake.

Juu kushoto ni geji ya kasi. Huyu shemeji. Kazi yake ni kusema anakwenda mbio kiasi gani. Juu katikati ni upeo: kuna kijindege kidogo na mstari, nusu ya buluu ni mbingu na nusu ya kahawia ni ardhi. Inakuonyesha pua iko juu au chini na mabawa yamelala upande gani. Huyo ni mama mwenye nyumba, ukipotea unaanzia kwake. Juu kulia ni kimo. Huyo ni mimi, mzee anayependa kutazamwa.

Chini kushoto ni geji ya kugeuka, na ndani yake kuna gololi inayoteleza kama mlevi pale unapogeuka vibaya. Chini katikati ni ya mwelekeo. Hii husahau. Kila robo saa lazima uikumbushe kwa kuitazama dira, kama mume aliyetumwa sokoni. Chini kulia inasema unapanda au unashuka. Hii ni jirani mmbea: habari anazo, ila zinamfikia zikiwa zimechelewa.

Na kuna jambo lilinipendeza zaidi. Tatu kati ya hizo zina pia ndani yake, pia kama ya watoto, inazunguka na haitaki kulala. Ni ya upeo, ya mwelekeo na ya kugeuka. Tatu nyingine, ya kasi, ya kimo na ya mmbea, zinaishi kwa hewa. Zinaivuta kwenye matundu madogo mawili yaliyo ubavuni mwa ndege, moja kila upande. Ya kasi ina mrija wake wa ziada chini ya bawa la kushoto, unaotazama mbele.

Matundu hayo nimeyaosha miaka ishirini na sita. Nilijua tu kwamba yasiingie maji. Sikujua ni pua za mtu.

12 Machi

Koti amenisimamisha kwenye banda la ndege.

"Mzee, nasikia umefungua chuo."

"Nimefungua, Mwalimu. Wanaokwama kwako wanahamia kwangu."

Hakucheka. "Vifuniko havina tabia za geji. Utamfundisha uongo."

Nikamjibu kwamba hata yeye koti lake halina tabia za koti. Akaenda zake. Lakini neno lake lilinikaa kichwani siku nzima, nikiwa chini ya tumbo la Sufuria na brashi. Utamfundisha uongo. Kwa nini isiwe hivyo? Mtu anayekodolea macho geji moja, shida yake ni kwamba anaiamini kupita kiasi.

13 Machi

Nimeanza mchezo. Unaitwa Nani Muongo. Mjukuu anafumba macho, mimi nazungusha vijiko. Vitano vinasema hadithi moja, kimoja kinasema yake. Akifumbua anahesabu hadi tano na kunitajia muongo.

Mara ya kwanza: upeo unasema pua iko chini. Kimo kinapungua. Mmbea anasema tunashuka. Kasi inasema tunazidi kwenda polepole.

Akatazama kimo. Akatazama kimo tena.

"Kimo?"

"Umeua abiria wote. Na mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu, kwa hiyo hasara si kubwa."

Bibi yake alinirushia kitambaa cha vyombo.

"Ukiteremka mlima kwa baiskeli bila breki unaongeza mwendo au unapunguza?" nikamuuliza.

"Naongeza." Akavitazama vijiko upya. "Basi ni kasi. Kasi ndiyo muongo."

18 Machi

Amepata nne kati ya kumi. Maharage yameungua, halafu kukawa na kelele.

20 Machi

Niandike kuhusu tepu, kwa sababu hakuna anayeijua kazi hii isipokuwa mimi, na mimi si wa kudumu.

Kabla ya kuosha ndege unaziba matundu manne kwa tepu nyekundu: mawili ya ubavuni, mrija wa bawani, na kitundu cha kupumulia cha tangi. Ukimaliza kuosha unabandua, na kila unachobandua unakibandika kwenye mkono wa kushoto wa koti la mvua. Halafu unahesabu. Nne mkononi, ndege iko huru, nazo unazitupa kabla ya kugusa ndege nyingine. Njia hii niliibuni mwenyewe, haimo katika kitabu chochote. Fundi wa chuo, jamaa mrefu anayepiga chafya akiona vumbi, huwa ananiita jenerali kwa ajili ya vile vibandiko vya mkononi.

Leo zimetoka nne, na nne. Ndege mbili.

27 Machi

Mvua kubwa. Hakuna aliyeruka. Mjukuu saba kati ya kumi.

4 Aprili

Leo nimeona kitu. Mwanafunzi mmoja alikuwa anatua na ya njano, peke yake, upepo wa ubavuni. Koti alikuwa amesimama karibu yangu kwenye ukingo wa njia ya kurukia. Ndege ikadunda mara moja, ikadunda tena, ikatulia. Koti akavuta pumzi, akainua mkono kufungua kola, nami nikaona shati lake la ndani. Limelowa lote. Lingekamuliwa lingejaza ndoo.

"Mwalimu, umenyeshewa peke yako?"

Akanitazama kama anayepima kama naweza kubeba mzigo. "Kila wanapotua, Mzee. Miaka kumi na moja. Shati likilowa wanaona, wanaogopa na wao. Koti halionyeshi."

Nikampa kitambaa changu cha kufutia ndege, upande mkavu.

"Mimi pia nilikwama mara mbili," akaongeza. "Mjukuu wako usimwambie."

Sijamwambia. Nimemwambia daftari.

11 Aprili

Tisa kati ya kumi. Sasa macho yake hayatui mahali. Yanatoka kwa mama mwenye nyumba, yanakwenda kwa shemeji, yanarudi kwa mama, yanakwenda kwangu, yanarudi kwa mama. Nimemwambia anatazama geji kama bibi yake anavyotazama wageni: wote kwa pamoja, na vijiko vyake.

Leo alinigeuzia mchezo. Alinifumbisha macho, akazungusha, akasema fumbua. Waongo walikuwa watatu.

"Watatu haiwezekani, umeharibu mchezo," nikamwambia.

"Inawezekana. Kasi, kimo na mmbea. Wanapumua kwenye matundu yaleyale ya ubavuni. Yakiziba, wanadanganya wote siku moja."

"Na hapo rubani anafanya nini?"

"Anamtazama mama, na anasikiliza injini. Pua ikiwa mahali pake na injini ikivuma inavyotakiwa, ndege haina pa kwenda ila inakopelekwa."

Nililala vizuri.

17 Aprili

Matope. Fundi amepiga chafya hata bila vumbi. Anasema ni mvua.

24 Aprili

Kesho ndiyo siku. Kapteni, mkuu wa chuo, ndiye atakayekaa naye kwenye Sufuria. Wakirudi, karatasi yake itatiwa saini au haitatiwa.

Tangu asubuhi nimeosha kwa moyo wote. Ya njano kwanza. Mvua ikanikatiza, nikakimbilia bandani na koti langu, ikapungua, nikatoka kuosha Sufuria. Tepu nyekundu imekwisha. Fundi anasema ameiagiza tangu wiki iliyopita. Nilibakiwa na vipande viwili: kimoja nikafunika mrija wa bawani, kingine kitundu cha tangi. Matundu ya ubavuni nikayaziba kwa tepu ile ya fedha ya kufungia maboksi. Nimeisugua Sufuria mpaka ukiisogelea unaweza kunyoa ndevu. Mvua ikarudi. Nikabandua haraka, nikatazama mkono: nne. Nikaenda zangu nyumbani.

Bibi ameshusha vifuniko ukutani kwa ajili ya chakula cha leo, akavificha nisivione. Anasema mtoto ale chakula kilichoiva kabla ya mtihani.

25 Aprili

Naandika mezani. Nitaandika yote, hata pale panaponitia aibu.

Asubuhi kulikuwa na manyunyu, mawingu juu kabisa, upepo kidogo. Mjukuu alizunguka ndege kuikagua kama wanavyofundishwa. Nilimwona. Alishika mabawa, akatikisa mkia, akatazama magurudumu. Ubavuni alipita akitazama. Hakuona chochote chekundu, akaendelea. Kapteni alikuwa ameshaketi kiti cha kulia, ameweka mikono mapajani. Mjukuu alinipita bila kunitania, nami sikumtania. Hapo ndipo ningepaswa kujua siku ina walakini.

Sufuria ikakimbia kwenye njia, ikanyanyua pua, ikaondoka. Nikarudi bandani kuvua koti la mvua. Kabla sijalivua nikatazama mkono wa kushoto, na zile tepu nne bado zilikuwapo. Nne. Zote nyekundu.

Nikasimama palepale. Kwa Sufuria nyekundu zilikuwa mbili tu. Hizi nyingine mbili zilitoka wapi? Zilikuwa za ile ndege ya njano. Mvua iliponikatiza asubuhi ya jana nilibandua za njano nne, nikatupa mbili, nikakimbia na mbili zimenata mkononi. Nilihesabu nne, nikaridhika kama mpumbavu aliyekuta suruali yake ina miguu miwili. Zile za fedha sikuzibandua. Zilikuwa bado ubavuni, tepu ya fedha juu ya bati la fedha, na ndege iko angani na mjukuu wangu ndani.

Niseme ukweli, kwa sababu daftari halichezi karata na mtu. Kwa muda mfupi nilifikiri: ninyamaze. Labda watashuka, nitawahi kubandua, hakuna atakayejua. Halafu nikaona vile vijiko vitatu vimezungushwa vikidanganya, na mtoto ameshika mpini wa ufagio. Nikakimbia.

Nina miaka sabini na moja. Kutoka bandani hadi chumba cha redio ni mbali kidogo kwa mtu wa umri wangu, lakini sikumbuki nilivyofika. Koti alikuwa amesimama mbele ya redio. Hakuwa na koti. Alikuwa amelitundika kwenye kiti, na shati lake lilikuwa kavu, maana ilikuwa mapema.

"Mwalimu, ni mimi," nikasema. "Nimeziba matundu ya ubavuni. Nimesahau kubandua. Waambie."

Alinitazama mara moja tu. Hakusema wewe mzee, hakusema nilikwambia. Akanyoosha mkono kuchukua redio. Kabla hajaigusa ikasema yenyewe, kwa sauti ya mjukuu wangu, tulivu kama anayeagiza chumvi:

"Geji zangu tatu hazifanyi kazi. Kasi, kimo, na ya kupanda na kushuka. Nadhani matundu ya ubavuni yamezibwa. Nazunguka, narudi kutua."

Koti akabonyeza. "Umesikika. Ni tepu. Mwosha ndege yuko hapa, amekuja kusema mwenyewe."

Ikaja sauti ya Kapteni:

"Tumeshajua. Mwambie mzee akae chini asije akatuangukia."

Nikakaa. Koti hakukaa. Tulitoka nje tukasimama kwenye ukingo wa njia, mimi na yeye, na nilitazama shati lake linavyolowa, kwapa kwanza, halafu mgongo. Halikuwa na koti la kulificha. Sufuria ilikuwa inazunguka mbali upande wa kushoto, ndogo kama kijiko. Ikageuka. Ikaanza kushuka, wala si kwa haraka wala si kwa kusuasua. Ilikuja juu ya uzio, ikapita juu ya nyasi, ikagusa gurudumu moja, likafuata la pili, kisha la mbele. Haikudunda.

Koti akasema kwa sauti ya chini, "Hivyo."

Mjukuu akazima injini, akashuka. Hakuja kwangu. Alikwenda kwanza ubavuni, akapitisha kidole, akaupata ukingo wa tepu, akabandua. Akazunguka upande wa pili, akabandua. Ndipo akaja, akasimama mbele yangu, akazibandika zote mbili kwenye mkono wangu wa kushoto, chini ya zile nne.

"Sasa hesabu, Babu."

Nikahesabu. Sita. Macho yakaniuma, nikasema ni manyunyu.

Ndani ya ndege, alinisimulia baadaye, ilikuwa hivi. Waliondoka vizuri. Walipopita vichwa vya miti tu, geji ya kasi ikaanza kushuka. Sitini. Arobaini. Ikaenda mpaka sifuri, ikalala. Ndege inapanda, injini inanguruma, na geji inasema tumesimama angani kama nguo iliyoanikwa. Kimo kikasema bado tuko chini kwenye nyasi. Mmbea akasema hakuna jipya. Mtu anayekodoa angeiona kasi imekufa, akasukuma pua chini ili aifufue, na karibu hivyo na ardhi asingepata nafasi ya kujuta. Yeye anasema mkono ulitaka kusukuma. Lakini jicho lilikuwa limeshaondoka kwa shemeji na kwenda kwa mama mwenye nyumba, kwa sababu ndiko linakokwenda kila mara. Mama akasema pua iko mahali pake. Injini ikasema hivyohivyo. Basi akajiuliza: waongo ni wangapi? Watatu. Wanapumua wapi? Matundu yaleyale.

"Ndipo nikajua ni wewe," akasema.

"Ulijuaje ni mimi?"

"Nani mwingine anayeziba mambo hapa?"

Na kuna jambo alilonieleza ambalo nitalifikiria mpaka nife. Hewa iliyofungiwa mle kwenye mirija ilikuwa hewa ya hapa chini, ya jana mchana, niliyoiziba kwa vidole vyangu. Ndiyo maana kimo kiliendelea kusema tuko nyumbani. Na aliposhuka, kadiri alivyokaribia ardhi, geji ya kasi ikaamka yenyewe, ikapanda, na magurudumu yalipogusa ilikuwa inasema kweli tena.

26 Aprili

Tumeitwa ofisini, sisi watatu: mjukuu, Koti na mimi. Kapteni ni mwanamke asiyeinua sauti, jambo linalotisha zaidi. Karatasi ya mjukuu ilikuwa mezani. Ina sehemu mbili.

"Kurusha," akasema, na kutia saini. "Miaka yangu yote sijaona mwanafunzi akisema jina la tatizo kabla yangu. Mikono yangu haikutoka mapajani." Akaisogeza kalamu sehemu ya pili, akaisimamisha. "Kukagua. Matundu yale hayatazamwi, yanaguswa kwa kidole. Uligusa?"

"Hapana, Kapteni."

"Basi hapa hapana saini. Hujafaulu, hujakwama. Jaribio halijaisha. Utakagua ndege mbele yangu kila asubuhi kwa wiki mbili. Ukiruka tundu moja, ndipo limeisha, na umekwama."

Akanigeukia. Nikamwahi.

"Kapteni, kosa ni langu, mtoto alikuta limeshafanyika. Mimi nifukuze."

"Nikikufukuza, mwosha ndege atakayekuja atajifunza lini ulichojifunza jana? Wiki mbili hutagusa ndege. Utakaa darasani, mstari wa mbele, usikilize somo la geji. Na tepu nyekundu ikikosekana, ndege haioshwi. Ikae na matope yake."

"Na mimi?" Koti akauliza. "Nilimwona akipita bila kugusa. Sikumwita."

Kapteni akaiweka kalamu chini. "Wewe utamfundisha mzee."

Nafikiri adhabu kubwa alipewa yeye.

29 Aprili

Darasani. Mwanafunzi jirani yangu aliniazima kalamu. Niliinua mkono mara sita. Koti aliniona mara moja.

2 Mei

Koti amekuja nyumbani kwetu, na koti lake. Nilidhani anakuja kunisemea kwa bibi. Alisimama mbele ya ukuta, akatazama vifuniko, akazungusha kijiko kimoja taratibu.

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kuomba kuazima hivi. Kwa darasa."

"Marahaba, Mwalimu. Hakuna kifuniko kinachotoka humu."

"Wiki moja tu."

"Mwalimu, tangu Machi maharage yangu yanaiva yakitazama dari. Anayetaka vifuniko akae ale, aone hali."

Akakaa. Akala sahani mbili. Joto la jikoni lilikuwa kali, na baada ya kitambo alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa geji ya kasi. Shati lilikuwa kavu. Alipoondoka alikuwa na vifuniko vinne. Bibi anasema alimwonea huruma, ni mwembamba.

6 Mei

Mjukuu amegusa matundu manne kwa kidole, siku ya kumi mfululizo. Akigusa anayataja kwa sauti kama anaita watoto kula. Mvua zinakatika. Leo hapakunyesha hata tone.

10 Mei

Asubuhi Kapteni alitia saini ya pili, akiwa amesimama, karatasi juu ya bawa. Halafu akafungua mlango wa kulia wa Sufuria, akatazama kile kiti kisicho na mtu, akaufunga. "Nenda," akasema.

Mjukuu alinikuta kwenye ndoo zangu. Kifungo changu kimekwisha, na tepu nyekundu imefika, maboksi mawili. Nilinyoosha mkono wa kushoto bila kuulizwa. Akahesabu kwa kidole. Akanusa.

"Hizi za njano au za Sufuria?"

"Za Sufuria zote. Za njano nimezitupa kwenye pipa, mbele ya shahidi." Fundi akapiga chafya kuthibitisha.

"Haya, mume wangu. Usikimbie."

Sikukimbia. Nilisimama kwenye ukingo wa njia na Koti, na nilipogeuka nikamwona na bibi, aliyesema hawezi kuacha jiko. Alikuwa amebeba kifuniko kimoja kujikinga jua. Sasa daftari hili nalijaza kwa mara ya kwanza kama lilivyotengenezwa.

Tarehe: 10 Mei.
Ndege: Sufuria.
Kutoka: hapa.
Kwenda: hapa.
Muda: dakika saba.
Maelezo: Mbingu safi. Kiti cha kulia kitupu. Tepu mkononi nne. Shati la Mwalimu limelowa, na langu. Nani muongo: hakuna.